Dokta huyu ni nani? Kuuliza jina na namba si dharau

Juma hili tunataka kuongea juu ya neno moja ambalo hapa Luvungi tunalitumia kila siku bila kulipima: neno «dokta».

Mwenye kuuza dawa kando ya barabara ya Uvira tunamwita dokta. Kijana aliyekuja kufanya staji kwenye maternite, dokta. Munganga wa kituo cha afya anayetupima maleria, dokta. Na yule aliyesoma chuo kikuu miaka mingi mpaka akaruhusiwa kupasua tumbo la mama, naye ni dokta. Katika salamu haidhuru kitu. Taabu inaanza siku ile mtu anaposema, «Huyu mama anapaswa kupasuliwa.» Familia inauza mbuzi, kikundi kinafungua sanduku la MUSO, na hakuna hata mmoja aliyeuliza: anayeshika kisu ni nani?

Tunaponunua mbuzi sokoni tunauliza alitoka wapi. Tunapokodi shamba la mpunga tunauliza mwenyewe ni nani, na tunatafuta mashahidi. Lakini mbele ya koti jeupe tunanyamaza, kwa sababu tunaogopa kuonekana hatuna adabu. Leo tunasema wazi: kuuliza si dharau. Kuna orodha ya madaktari katika nchi yetu, na kila mama ana haki ya kujua kama jina la anayemtibu limo.

Neno moja, kazi mbalimbali

Tuanze kwa kuwapanga watu, maana kila mmoja ana kazi yake na heshima yake.

Wale tunaowaona mara nyingi ni waganga wauguzi, yaani infirmiers. A2 wanatoka shule za sekondari za afya, zile ITM. A1 wamesoma juu zaidi, kwenye ISTM kama ile ya Bukavu. A0 wameendelea mbele kupita hao. Mkuu wa kituo cha afya tunamwita titulaire, na kwa kawaida ni muuguzi, si daktari. Bila wauguzi hawa watoto wetu wengi wasingefika umri wa kuingia shuleni. Wanapima, wanachanja, wanazalisha, wanatibu maleria na kuharisha. Tangu mwaka 2016 wauguzi nao wana sheria inayounda Baraza lao, Ordre des infirmiers, kwa hiyo hata muuguzi ana mahali jina lake linapoandikwa.

Daktari ni mtu mwingine. Baada ya diploma ya serikali anasoma chuo kikuu karibu miaka sita au saba, pamoja na muda wa kufanya kazi hospitalini chini ya macho ya wakubwa wake. Hapo ndipo anapewa diploma ya udaktari. Lakini diploma hiyo peke yake bado haimpi ruhusa ya kutibu watu. Lazima aandikwe kwenye Baraza la Madaktari, Ordre des médecins.

Halafu kuna daktari bingwa, yule tunayemwita spesialisti: wa magonjwa ya wanawake, wa watoto, wa macho, wa upasuaji. Huyu amekuwa daktari kwanza, kisha akarudi kusoma miaka mingine katika jambo moja.

Mfano tulio nao ni wa kwetu wenyewe. Daktari Denis Mukwege, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1955, alisomea udaktari Burundi. Alianza kazi kule juu Lemera akiwa daktari wa kawaida. Huko aliona jinsi wamama walivyokuwa wakiteseka na kufa kwa uzazi, ndipo akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi. Alirudi Lemera akiwa bingwa. Hospitali hiyo iliposhambuliwa Oktoba 1996, wagonjwa na wauguzi waliuawa. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mtu huyu anayejulikana dunia nzima hakuruka ngazi hata moja: alisoma udaktari, akafanya kazi, kisha akarudi shuleni kusomea ubingwa. Basi mtu asiyetaka kuulizwa alipita ngazi zipi, ana sababu gani?

Orodha ilianza lini na inafanya kazi gani

Wakati wa uhuru, mwaka 1960, Kongo haikuwa na daktari Mkongomani mwenye diploma ya chuo kikuu. Wakoloni waliwafundisha watu wetu mpaka ngazi ya msaidizi tu, assistant médical. Baadaye baadhi yao walipelekwa Ufaransa kumalizia masomo, na vyuo vyetu vikaanza kutoa madaktari. Tarehe 1 Machi 1968 sheria ikaunda Baraza la Madaktari. Mwaka 1970 zikatolewa kanuni za mwenendo wa daktari: namna anavyopaswa kumtendea mgonjwa, kutunza siri yake na kutomwacha.

Baraza lina ngazi mbili: ngazi ya taifa, na ngazi ya mkoa. Sisi wa Kivu ya Kusini tunaangalia Bukavu. Kazi yake ni kushika orodha ya madaktari na kusimamia mwenendo wao. Daktari akifanya vibaya, Baraza linaweza kumwonya, kumsimamisha kwa muda, au kumfuta kabisa.

Tulitie moyoni jambo hili, maana hapa ndipo faida ya orodha ilipo. Jina kwenye orodha halituambii kwamba daktari ana huruma, wala kwamba hakosei. Linatuambia kwamba yuko mtu juu yake. Akituumiza kwa uzembe, kuna mlango wa kupiga hodi. Mtu asiye kwenye orodha hana aliye juu yake. Akishaharibu, anafunga chumba chake usiku, na asubuhi yuko kijiji kingine na jina lingine.

Diploma ya ukutani ni ya zamani, orodha ni ya leo

Sisi tunaofundisha tunalijua jambo hili vizuri. Mtoto akituletea buletini ya miaka mitatu iliyopita, inatuonyesha alifaulu wakati ule. Haituambii yuko darasa gani mwaka huu, wala kama alifukuzwa katikati. Tunataka kuona daftari la shule la mwaka huu.

Diploma iliyotundikwa ukutani ni kama buletini hiyo. Inasema: siku fulani, mtu huyu alimaliza masomo. Tangu siku hiyo huenda ameendelea vizuri. Huenda pia amesimamishwa, au amefutwa. Na kuna diploma zilizotengenezwa kwenye mashine ya kompyuta, zenye muhuri uliochongwa mjini. Ukuta hauwezi kuzitofautisha.

Ndiyo maana swali letu lina sehemu mbili. Ya kwanza: jina lake limo? Ya pili: mwaka huu bado yuko sawa na Baraza? Daktari analipa mchango wake Barazani kila mwaka, na hali yake inaweza kubadilika. Jibu la mwaka juzi si jibu la leo.

Ikiwa mtu anajiita bingwa, kuna sehemu ya tatu: ubingwa wake ni wa nini, na unatambuliwa? Daktari wa kawaida anaweza kufanya sezariene vizuri, wengi wao wanaifanya kila juma katika hospitali zetu. Lakini mtu akituambia yeye ni bingwa wa wanawake na anataka kutoa kizazi, tuna haki ya kujua kama jambo hilo alilisomea.

Jambo lenyewe ni uhai

Tusidhani haya ni mambo ya makaratasi tu. Tutaje mawili yanayotuhusu sisi wamama.

La kwanza ni sindano ya kuongeza uchungu. Ikitumiwa na anayejua, kwa kipimo chake, inasaidia. Ikichomwa ovyo na mtu anayetaka mama azae haraka, inaweza kupasua mfuko wa uzazi. Mtoto anakufa tumboni, na mama anatokwa damu ndani bila watu kuiona.

La pili ni fistula. Wengi wetu tunajua kwamba inaletwa na uchungu wa siku nyingi bila msaada: panatokea tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi, na mkojo unatoka bila kukoma. Wachache wanajua kwamba fistula nyingine inaletwa na kisu, mtu asiyefundishwa vizuri anapopasua na kujeruhi kibofu au mrija wa mkojo. Mama aliyekimbilia kupasuliwa ili apone anarudi nyumbani na ugonjwa mpya, na aibu ambayo si yake.

Yaliyotokea Kenya

Jirani zetu Wakenya walipata funzo chungu. Mwaka 2015, katika mtaa wa Githurai, Nairobi, picha za video zilionyesha mtu aliyejulikana kama Mugo wa Wairimu akimtendea vibaya mwanamke aliyelazwa kwa dawa ya usingizi ndani ya kliniki. Watu walikuwa wakimwita daktari wa wanawake. Baraza la Madaktari la Kenya lilipotazama orodha yake, jina lake halikuwamo.

Alikamatwa, kesi ikaanza. Lakini mwaka 2018 alikutwa tena akitibu watu katika kliniki nyingine, mtaa wa Kayole, katika mji uleule. Mwaka 2020 mahakama ya Nairobi ilimhukumu kifungo kwa kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa.

Kenya ni nchi ambayo daktari anapaswa kupata upya ruhusa yake kila mwaka, na mtu anaweza kutafuta jina la daktari kwenye orodha ya Baraza kwa simu yake, kupitia intaneti. Pamoja na hayo, wanawake waliendelea kuingia kwa mtu yule. Orodha ilikuwepo, lakini ilikosa mtu wa kuitazama kabla ya kulala juu ya kitanda. Na kama alivyohama kutoka Githurai mpaka Kayole, mwingine anaweza kuhama kutoka Bukavu au Uvira mpaka kwetu, mahali asipojulikana.

Namna ya kuuliza, hatua kwa hatua

Tunajua hali yetu. Intaneti inakuja na kukatika, na kupanda Ngomo mpaka Bukavu kwa ajili ya namba moja ni gharama na hatari. Ndiyo maana tunasema kazi hii ifanywe na kikundi, si na mama mmoja mwenye mimba ya miezi minane.

1. Tuulize jina lote. Jina la mtaani halitoshi. Tunahitaji jina, jina la ukoo, na jina la nyuma kama lipo, jinsi yanavyoandikwa kwenye kadi.

2. Tutazame muhuri kwenye ordonansi. Muhuri wa daktari kwa kawaida una jina lake na namba yake ya Baraza, pamoja na herufi CNOM. Tuinakili namba hiyo. Lakini tukumbuke kwamba mchonga mihuri anachonga kila anachoambiwa. Namba inatupa pa kuanzia tu, bado haijathibitisha kitu.

3. Tupeleke jina na namba kwa watu wa afya walio karibu. Tuanze na titulaire wa kituo cha afya, au relais communautaire wa mtaa, au wajumbe wa CODESA. Sisi wa Luvungi tuko katika zone ya afya ya Lemera. Ofisi kuu ya zone inaongozwa na daktari, médecin chef de zone, na ofisi hiyo inawajua madaktari waliotumwa kufanya kazi kwake. Inapaswa kujua pia kama chumba kilichofunguliwa juzi kando ya soko kina ruhusa ya kutibu watu.

4. Jibu likikosekana au likiwa na mashaka, tuandike barua kwa Baraza la mkoa, Bukavu. Barua iwe fupi, na iulize mambo matatu: Je, jina hili limo kwenye orodha? Je, mwaka huu daktari huyu ana ruhusa ya kufanya kazi? Je, ni daktari wa kawaida au bingwa, na bingwa wa nini? Iwe na sahihi za wamama wawili na namba ya simu ya kikundi. Ofisi zinaandikiana kwa Kifaransa. Walimu wa shule zetu wataisaidia kuandika, na mama anayekwenda Bukavu kwa biashara ataifikisha.

5. Jibu liandikwe kwenye daftari la kikundi, pamoja na tarehe. Mwaka ukiisha, tuulize tena.

Mgonjwa akipelekwa Bujumbura au ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda, swali ni lilelile. Nchi hizo nazo zina mabaraza yao. Orodha ya Kongo haimsemei daktari wa nchi nyingine.

Maneno ya kutumia

Wamama wengi wanatuambia: «Nitamwuliza daktari jambo kama hilo kwa mdomo gani?» Kwa mdomo wa upole. Kwa mfano:

«Dokta, tunakushukuru kwa kazi. Sisi katika kikundi chetu tuna daftari la uzazi. Tunaandika jina lote la daktari na namba yake ya Baraza. Tunaomba zako tafadhali.»

Daktari wa kweli hataona vibaya. Alisoma miaka mingi kuipata namba hiyo, na wengi wao wanaumia wanaposikia walaghai wanaitwa kwa cheo chao. Akikasirika kidogo, tumwombe radhi kwa sauti, lakini swali tusilirudishe mfukoni. Akikataa kabisa, akatufokea, au akasema «niaminini tu», basi tumeshapata jibu la kutufanya tusimame na kutafuta hospitali nyingine.

Mama mwenye mimba ana nafasi nzuri kuliko wote, maana ana miezi. Siku ya CPN, amwulize munganga: «Nikishindwa kuzaa hapa, nitapelekwa hospitali gani, na ni daktari yupi anayepasua huko?» Jibu hilo likipatikana mwezi wa tano, familia haitakimbia gizani mwezi wa tisa.

Mambo matatu ya kuchunga

La kwanza: hatari ikija, tusisubiri karatasi. Damu nyingi, kifafa cha mimba, uchungu uliozidi usiku na mchana, mtoto anayekauka kwa homa: tukimbie kwenye kituo cha afya au hospitali iliyo karibu. Kuuliza majina ni kazi ya siku za utulivu.

La pili: tusiwadharau wauguzi wetu. Muuguzi A2 anayesema, «Jambo hili limenizidi, nendeni hospitali», ni mtu wa kuaminiwa sana. Tunayemwogopa ni yule anayefanya kazi asiyoisomea na kukataa kumtuma mgonjwa mbele, kwa kuwa hataki kukosa pesa.

La tatu: tusiseme kabla ya kujua. Jina likikosekana, huenda liliandikwa vibaya, huenda daktari anatoka mkoa mwingine. Tukilitangaza sokoni tunaweza kumharibia mtu wa kweli. Mashaka yapelekwe kwa zone ya afya na kwa Baraza, kwa maandishi. Wao ndio wenye kazi ya kuchunguza.

Kwa walio na watoto ng'ambo

Familia nyingi za kwetu zina watu Marekani. Huko mambo ni mawili, na wageni wanayachanganya. Ruhusa ya kutibu inatolewa na jimbo ambalo daktari anafanyia kazi. Ubingwa unathibitishwa na bodi ya fani yake, na chama kikubwa cha bodi hizo, kilichoanza mwaka 1933, kina bodi 24. Daktari anaweza kuwa na ruhusa bila kuwa na cheti cha bodi. Cheti nacho kinapaswa kutunzwa, kinaweza kuisha. Yote mawili yanaweza kutazamwa kwenye intaneti bila malipo, kwa jina la daktari. Tuwatumie ujumbe binti zetu walioko huko: wasione haya kuuliza eti kwa sababu Kiingereza chao bado ni kidogo.

Kazi ya juma hili

Tunaomba kila kikundi kifanye jambo moja kabla ya mkutano ujao. Kichague wamama wawili, mmoja anayejua kuandika vizuri na mmoja asiyeogopa kuongea. Kifungue ukurasa kwenye daftari la MUSO, chenye safu nne: jina lote, namba, nani alitujibu, tarehe. Kianze na watu watatu ambao wanakikundi wanakwenda kwao mara nyingi.

Kisha kikundi kikubaliane jambo hili: mkopo wa kupasuliwa utoke haraka kama kawaida, lakini jina la anayepasua liandikwe karibu na kiasi cha pesa. Hela zetu tunaziandika mpaka franka ya mwisho. Mwili wa mama usiandikwe chini ya hapo.